Nyemo, Kibaraza Nimekikwangua

Mjukuu wangu Nyemo,

Huna adabu. Naanza na hilo ili lisinipotee njiani. Msichana niliyemlea tangu ana miaka mitatu anaamua atatokea nyumba gani siku ya kuolewa kwake, na mimi habari nazipata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nina mtama wangu kichwani, kutoka kwa mwanamke ambaye hajawahi hata kukufuta kamasi. "Bibi Nyemo, tumesikia sendofu iko Dodoma mjini, kwa bibi mzaa mama. Wewe utakwenda na basi gani?" Nikamjibu nitakwenda na miguu yangu. Watu wakacheka. Nikasaga, nikarudi nyumbani, na unga nikausahau kulekule.

Salamu leo sikutumii. Wala bahasha hii sikuibandika gundi. Huyo bibi yako wa Chang'ombe ya Dodoma aisome akitaka, maana najua utampa tu, na mengine ya humu alikuwepo. Mwandiko ni wangu mwenyewe, ule wa darasa la ngumbaru, sikumwomba mtu aniandikie. Ukikuta herufi imelala, iinue.

Ninachotaka unakijua. Nataka utoke kwangu. Baba yako na mama yako wako huko Tabora na kazi zao, wamesema wazee wapatane. Wazee hawajapatana. Na wewe, badala ya kusubiri, ukabeba begi ukampelekea yeye ushindi mkononi.

Tuseme ukweli, sababu ni kibaraza. Kila mtu anasema ni kibaraza.

Shamba la Wazungu la karanga lilipokufa hapa Kongwa, watu waligombania mabati na mapipa. Marehemu babu yako, aliyekuwa fundi wa matrekta, yeye akaomba masanduku, yale makubwa ya mbao yaliyokuja na matrekta kutoka kwao. Wenzake wakamcheka. Akayavunja, akanyoosha misumari mmoja mmoja juu ya jiwe, akanijengea kibaraza mbele ya nyumba ya udongo. Hapakuwa na mwanamke mwingine kijijini mwenye kibaraza cha mbao. Mpaka leo hayupo, waende wakaangalie.

Lakini mchwa wa hapa unawajua. Mbao za kigeni kwao ni mkate. Ndiyo maana kila mwaka kabla ya mvua babu yako alileta kopo la oili chafu kutoka gereji, tukaipaka kwa kitambaa, nyufa zote, pembe zote. Mchwa wakakaa mbali. Mbao zikawa nyeusi kama chungu.

Ulikuwa na miaka mitano ulipoikanyaga oili mbichi, babu yako akakushika mikono, ukapanda ukuta kwa miguu. Nyayo nne nyeusi juu ya udongo niliousiriba juzi yake. Nikachukua fimbo. Babu yako akasema, "Mwache mke wangu, anakagua nyumba yake." Kila babu anamwita mjukuu wake mke, na mimi nikakuita mke mwenzangu, utani wetu wa kila siku. Leo nakwambia, utani ule kwangu ulikuwa nusu. Mtu alinijengea mimi kibaraza kwa mikono yake, kisha akakiita cha kwako. Niliweka fimbo chini, lakini chakula cha siku hiyo nilikipika bila chumvi.

Hata hivyo ulikuwa wangu. Miaka ile ya shida, sabuni ilipopotea madukani, nani alikuwa msaidizi wangu? Wewe. Tulichoma magunzi na maganda ya karanga, tukajaza majivu kwenye debe lililotobolewa, tukamwagia maji juu, tukakaa kusubiri yale maji mekundu ya magadi yadondoke. Ulikuwa unashika unyoya wa kuku na kuutumbukiza. Usipoyeyuka, bado. Ukiyeyuka, unapiga kelele mpaka jirani anatoka: "Yameiva, bibi! Yamekula manyoya!" Sabuni yetu ilichubua ngozi, lakini nguo zako zilikuwa safi kuliko za watoto wa mkuu wa shule. Hakuna mtu wa mjini aliyekuwa katika hilo. Tulikuwa wawili.

Halafu ikaja siku ya kipaimara chako. Askofu yuko njiani, gauni jeupe nimelihangaikia tangu mavuno, na wewe ukaenda ukakaa kibarazani kusubiri. Ulipoinuka, nyuma una doa la oili kama sahani. Nikakusema mbele ya watu, "Makalio yako hayana akili?" Ukalia. Bibi yako wa mjini alikuwa amekuja kwa ibada. Hakunisema mimi wala wewe. Alikuvua, akakata pembe ya mtandio wake mweupe, akashona maua matatu juu ya doa. Kanisani watu wakauliza gauni lile limeshonwa wapi.

Tangu siku hiyo ukataka sindano. Mimi nilikufundisha kupalilia, kupepeta, kusonga ugali wa mtama usio na madonge, kukama mbuzi mkorofi. Miaka. Yeye kwa muda wa kuchemsha chai, na sindano moja, akakuchukua. Leo una cherehani yako pale sokoni, unabana mitumba ya watu, kila mtu anasema mkono wako mwepesi, na ukiulizwa nani alikufundisha husemi Kongwa.

Na ile sakafu yake nyekundu! Kila ulipotoka likizo kwake ilikuwa wimbo. "Kwa bibi wa mjini sakafu inang'aa, mtu anaweza kula chini." Nikakujibu wanaokula chini ni mbwa. Ulicheka. Mimi sikucheka.

Basi ulipoleta habari ya mchumba, na posa ikapangiwa siku, nikajua huyo bibi yako wa mjini, mkwe wangu, naye atakuja, na atakaa kibarazani kwangu, na ataangalia chini. Nikapanda basi mpaka Dodoma. Wakati huu wa ruksa hakuna kinachokosekana, rangi za kila aina zimepangwa dukani kama maembe. Mhindi mwenye duka akaniuliza, "Mama, mbao ya zamani? Imewahi kupakwa mafuta?" Nikamwambia mbao zangu ni safi. Akanitazama mikono. "Kama iko mafuta, kwangua yote kwanza, mama. Bila hivyo vanishi haikauki." Nikamwambia nimekuja kununua, sikuja kusomeshwa.

Na wewe uliniambia hayohayo. Ulisema, "Bibi, oili bado imo, tuikwangue kwanza, nitakusaidia Jumapili." Nikakuuliza umeanza lini kuwa fundi mbao. Ulipokwenda sokoni nikaipaka peke yangu, makopo mawili. Iling'aa, Nyemo. Siku ile ya kwanza iling'aa nikasimama mlangoni nikajiona tajiri.

Siku ya posa ilikuwa bado inanata. Nikasema jua litaikausha. Jua likailainisha.

Mshenga alipoinuka kumpa mkono mkwe wangu wa mjini, kiatu kikabaki chini. Akasimama na soksi yenye tundu. Benchi walilokalia wazee wawili likang'oka na sauti kama ya kuchana turubai. Mshenga, mtu mcheshi, akasema, "Jamani, tumekuja kuposa au tumetegwa kama kwale?" Wote wakacheka. Bibi yako wa mjini akafunika mdomo na mtandio. Nilipouona ule mtandio, kichwa changu kikatoka mahali pake. Nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ni huyu binti. Nilimwambia asipake mpaka tukwangue. Hasikii."

Nimeandika. Limetoka.

Nilisema hivyo mbele ya watu waliokuja kukuomba. Na wewe ukapiga magoti kwenye vanishi ileile, ukasema, "Nisameheni wazee wangu, kosa langu." Ukachukua kitambaa chenye mafuta ya taa ukamfuta mshenga kiatu. Mimi nilikuwa nimekaa. Kesho yake ukapanda basi. Hukunigombeza. Ungenigombeza ningekujibu, tungezozana mpaka jioni, tukala. Ulifunga begi kimya, cherehani ukairudisha kutoka sokoni ukaiacha chumbani. Nimeifunika kanga isiingie vumbi. Usidhani ni kwa huruma, ni chuma kizuri.

Siku niliyotoka mashineni bila unga ndiyo niliyoanza kukwangua. Nilisema moyoni, kama ni kibaraza, basi nitawaondolea sababu.

Nilianza na panga butu, kisha vipande vya chupa, kama babu yako alivyolainisha mipini ya majembe. Vanishi ilijikusanya kwenye kioo kama utomvu, nikawa nafuta kila hatua. Nikarudi kwenye majivu. Nikatoboa debe, nikachoma magunzi, nikatumbukiza unyoya. Hakukuwa na wa kupiga kelele. Magadi nikayachemsha, nikayamwaga kibarazani. Vanishi ikavimba, ikakunjamana kama ngozi ya maziwa, nikaisukuma yote chini kwa brashi ya katani. Nikashangilia mapema. Chini yake palikuwa peusi vilevile. Siku ya pili peusi. Siku ya nne peusi. Mikono nimeivalisha mifuko ya rambo, magoti nimeyafunga magunia, na bado magadi yakanila vidole. Nililia kidogo. Ulikuwa mvuke.

Siku ya tano asubuhi nasikia, "Hodi, mkwe."

Nikasema bila kuinua kichwa, "Unaona mlango, hodi ya nini?"

"Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Umekuja kuangalia?"

"Habari imefika mpaka mjini. Hata kondakta kaniuliza, unakwenda kwa yule bibi anayechuna nyumba? Nikamwambia ndiye huyohuyo, mkwe wangu." Akaweka kapu lake chini. Akainama, akapitisha kidole kwenye mbao, akakinusa. Mwanamke yule hata kunusa ananusa kwa heshima. "Unatumia magadi."

"Unadhani natumia uji?"

"Magadi yametoa vanishi. Hii oili hayataitoa hata ukimaliza magunzi yote ya Kongwa. Inataka mafuta ya taa, halafu pumba juu, halafu jua. Pumba zinainyonya. Unafagia, unarudia."

"Umeyajulia wapi, wewe mwenye sakafu ya kioo?"

Akafungua kapu. Alikuwa na chupa mbili za mafuta ya taa. "Sakafu yangu unayoichukia ilikuwa gereji ya marehemu mume wangu. Pikipiki, makopo, oili miaka kumi na minane. Saruji nyekundu ilikataa kushika mara mbili. Nilisugua miezi miwili, mkwe. Nyemo hajui. Alizaliwa akaikuta inang'aa."

Nikafungua gunia la goti moja, nikamsukumia.

Akapiga magoti karibu yangu na gauni lake la kuendea kanisani. Tukamwaga mafuta ya taa, tukatandaza pumba za mtama, tukakaa pembeni jua lifanye kazi. Pumba zikageuka nyeusi. Tukafagia, tukarudia. Mara ya tatu mbao ikaanza kuonekana, nyeupe, kama mtu anayetoka kwenye moshi. Ikatokea na maandishi makubwa ya Kizungu ya kuchomwa moto, na mshale. Nikamwuliza yamesemaje, maana yeye alisoma.

"Yanasema upande huu uwe juu."

"Mshale unaelekea wapi?"

"Zizini kwa mbuzi."

"Basi huko ndiko juu kwetu."

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Na katikati ya kucheka wivu ukanirudia, nikawaza, kumbe hivi ndivyo mnavyocheka mkiwa wawili kule Chang'ombe.

Nikachukua kipande cha chupa nikaendelea. Nikamwambia, "Ulimwita wewe."

"Sikumwita. Alikuja mwenyewe. Siku tatu za kwanza hakula vizuri. Nilimwuliza kulikoni, akasema amemwaibisha bibi yake. Kwamba aliambiwa asipake, akapaka."

"Alisema hivyo?"

"Nilimwuliza mara mbili."

Kwa hiyo uliufanya uongo wangu kuwa wako, ukaubeba mpaka mjini, kwa mtu ambaye ningetaka asijue kuliko watu wote duniani. Nilikwangua ubao mzima bila kuinua uso. Nikaanza wa pili. Ndipo nikasema, "Niliipaka mimi."

"Najua."

"Unajuaje, na alikwambia mara mbili?"

"Akisema uongo anashika sikio la kushoto. Tangu mdogo."

Nyemo. Nimekulea miaka kumi na tisa. Nimekukanda homa, nimekutoa miiba, nimekusuka nywele tangu hazijafika kidole. Sikio hilo sikuwahi kuliona. Kati ya yote aliyonichukulia huyo mwanamke, sindano, likizo, sakafu, hakuna lililoniuma kama hilo. Nilimtazama na kipande cha chupa mkononi, nikaona ananitazama vilevile. Akasema, "Na mimi nakuonea wivu, usidhani. Akiumwa anaita jina lako. Yuko kitandani kwangu, anaita bibi, nikiitika ananitazama kama nimeingia nyumba si yangu."

Nikaweka kipande cha chupa chini, nikaenda kuinjika chai.

Alikaa siku mbili. Mwishoni niliosha mbao zote kwa maji ya ukwaju kuua ukali wa magadi, na mbao zikang'aa rangi yake yenyewe, na hilo yeye hakulijua, akaniomba nimweleze mara mbili. Nilimweleza polepole. Nilifurahi sana.

Sasa kibaraza kimekauka. Kina rangi ya siagi. Karibu na mlango, pale kigoda cha babu yako kilipokaa, weusi umegoma. Tumeweka pumba mara sita. Nimeuacha.

Nakaa hapo asubuhi na chai yangu na nakuonea wivu hata wewe, kwamba una wawili wa kukuvuta huku na huku. Mimi nilipoolewa hakuna aliyegombania nitoke mlango gani. Nilitoka tu.

Hasira ninayo bado. Haitoki yote siku moja. Lakini nimechoka kula peke yangu, na ugali wa mtu mmoja hausongeki vizuri.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwa barua. Peleka neno kwa mshenga, waje Jumapili baada ya ibada, yeye na wale wazee wawili wa benchi. Watakaa kwenye mbao tupu, sijapaka kitu wala sitapaka kabla. Nitawaambia kwa kinywa changu nani alipaka vanishi na nani alisingiziwa. Wewe utanyamaza. Usipige magoti, usiseme kosa langu, usimfute mtu kiatu. Nikimaliza, wewe mwenyewe utasema mbele yetu sote unatokea nyumba ipi. Ukisema Chang'ombe nitafunga mdomo, jambo ambalo hujawahi kuliona, na nitakuja, na nitakaa mbele.

Panda basi la Ijumaa la asubuhi, si la mchana. Huyo bibi yako uje naye. Yeye atalala chumba cha wageni. Wewe utalala kwangu, upande wa ukutani.

Mimi bibi yako mzaa baba,
Kongwa.